Chuo Kinachopiga Simu

Nilianza kazi Jumatatu ya pili ya mwezi wa kwanza, saa mbili kasorobo asubuhi, na nimestaafu jana Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nina miaka kumi na tisa. Madam Njoki alicheka nilipotumia neno kustaafu, lakini sijui mtu huitaje hali ya kuchoka hivi na kujua kwamba kiti kile hatakikalia tena. Aliniambia nimwachie msichana anayekuja ukurasa mmoja wa maelezo. Huu hautakuwa ukurasa mmoja. Kwa mdomo mimi ni maneno matatu. Daftarini sijui kunyamaza.

Wewe unayekuja, chumba cha simu ni kile cha nyuma ya ofisi ya usajili, kati ya stoo ya viti vilivyovunjika na jikoni. Harufu ya githeri ikianza kushika, ujue ni saa nne. Kuna simu mbili za mezani. Ya kushoto waya wake umefungwa kwa plasta ya kidonda, usiuguse. Biro imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza kwa sababu wazazi huingia kuuliza njia na kutoka nayo. Mambo ya mshahara na kupanda cheo sitaandika. Chumba kina watu wawili, utapanda uende wapi.

Kazi yenyewe ni karatasi mbili. Nyeupe ina majina ya waliopewa barua za kujiunga na chuo na hawajafika. Ya kijani ina wanafunzi wetu ambao hawajaonekana darasani siku tatu. Unapiga simu, unauliza, unaandika ulichojibiwa. Mwingine angeona ni kazi rahisi, lakini mimi ni yule msichana ambaye shuleni alikuwa anajua jibu na anamwomba Mungu asiulizwe. Nilipewa kazi hii kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Hakuna aliyenisikia nikiongea kabla ya kuniajiri.

Siku ya kwanza niliandika kila kitu nitakachosema, hata "halo". Jina la kwanza lilikuwa la kijana wa Othaya, na simu ikashikwa na nyanya yake. Nikasema natoka chuoni, habari ni njema. "Bwana asifiwe!" akasema, akaanza kuomba. Aliomba mvua. Aliombea wajukuu wote kwa majina. Akaniombea na mimi nipate bwana mwenye kazi. Alipomaliza nikasema amina, nikaweka simu chini.

Madam Njoki aliniangalia juu ya miwani. "Na siku ya kuripoti umempa?"

Sikuwa nimempa.

"Piga tena. Na akianza maombi, subiri pale anapovuta pumzi."

Madam Njoki amekuwa katika chumba hicho tangu chuo kikiwa jengo moja. Ana sweta ya kijivu ya kazini ambayo haiendi nyumbani, na chupa ya chai ambayo hamgawii mtu mpaka saa nne ipite. Sheria yake ya kwanza ni kwamba usikisifu chuo. "Ukisema ni kizuri, mzazi anajua unauza," alisema. "Mwambie maji ya hosteli ni baridi. Akikuamini kwa hiyo, atakuamini kwa ile nyingine."

Na kweli chuo chetu si cha kutajwa redioni. Ukikitaja Nairobi mtu anakuuliza, "Hiyo iko upande gani?" Maji ya hosteli yanatoka mlimani na hayajasahau yalikotoka. Maktaba ina paa la mabati, na mvua ya mwezi wa nne ikianza unafunga kitabu tu, unangoja. Lakini masomo huanza siku iliyoandikwa kwenye barua. Kwenye maabara kila mwanafunzi ana hadubini yake, kuukuu, lakini yake. Ukiambiwa miaka minne, ni minne. Haya sikuambiwa na mtu, niliyajua kwa kusikiliza. Miezi minane nimepiga simu na hakuna mzazi hata mmoja aliyelalamika kwamba mtoto wake anakaa darasani akingoja mwalimu. Walilalamika kuhusu mboga.

Mwezi wa pili nilifanya kosa ambalo nataka wewe ulikwepe. Nilimpigia baba mmoja wa kule juu ya Kerugoya, kwenye mashamba ya chai, saa sita mchana. Nilimkuta kwenye kituo cha majani, wamepanga foleni na vikapu vyao wakingoja kupimiwa.

"Chuo gani?" alipaza sauti. "Hiyo sijawahi sikia! Mtoto yangu hawezi enda chuo ya mtaa, mimi!" Nikasikia watu nyuma yake wakicheka, mmoja akisema, "Waambie hao!"

Nikaandika: Amekataa. Madam Njoki akachukua biro, uzi ukakatika, akafuta. "Mwanaume akiwa kwa foleni ya majani," alisema, "anayekujibu si yeye, ni foleni. Ukimpigia hapo unamwomba akukatae. Mpigie saa kumi na mbili na nusu jioni."

Nikabaki ofisini, nikapiga. Mtu yule yule, sauti ya chini kabisa: "Madam, huyu kijana anakuja na godoro yake, ama mko nazo?"

Tangu siku hiyo ninajua saa za kila mahali kama mwalimu anavyojua ratiba. Watu wa majani, usiwapigie mchana. Watu wa Doldol, ngoja siku ya mnada wa mifugo, maana siku nyingine simu imezimwa au iko malishoni hakuna mtandao. Akina mama wa Majengo hapa Nyeri mjini, si Ijumaa saa saba. Mmoja wao, Mama Rukia, alitaka kujua kama binti yake atapata mahali pa kuswali. Nikamwambia kuna chumba nyuma ya maktaba, ni kidogo. Hakuniamini. Akaja na buibui lake kukiona mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema, "Kinatosha, lakini hakifagiliwi." Akaomba ufagio. Rukia alianza Jumatatu iliyofuata.

Karatasi ya kijani ndiyo inayochosha zaidi. Mwezi wa tano nilimpigia msichana wa mwaka wa pili aliyekuwa amepotea siku tatu. "Niko darasani," akaninong'oneza. Nyuma yake ng'ombe akalia. Kisha akaanza kulia yeye. Mama yake alikuwa amevunjika mguu na hakuna wa kukamua. Madam Njoki akachukua simu, akamwambia apange na jirani mpaka Ijumaa, kisha akatembea mwenyewe mpaka kwa mwalimu wake. Mwalimu hakuuliza "nani huyo?" Alisema, "Yule wa dirishani? Nilijiuliza." Akampigia chapa noti za masomo ya wiki nzima.

Nilidhani vyuo vyote vinafanya hivyo. Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya ukungu ambayo unaandika ukiwa umefunika mkono kwa leso, Madam Njoki aliponiambia sivyo. Kijana wake wa kwanza aliitwa chuo kikubwa cha mjini, kile ambacho kila mtu anakijua. Walimsindikiza kwa nyimbo. Mwaka wa pili aliacha kuingia darasani, na hakuna aliyejua. Alikuwa anarudi likizo, anakula, anasema masomo ni mazuri. "Nilijua siku ya mahafali," alisema. "Nimevaa kitenge, nimekaa, jina halisomwi. Nikadhani wamemruka." Akafunga chupa ya chai. "Si wabaya. Ni wengi tu. Ungepiga simu ngapi?" Kijana yuko Nanyuki sasa, ana duka la vipuri, ni mzima. Lakini ndiyo maana Madam huanza na karatasi ya kijani kila asubuhi hata kama mkuu wa usajili anataka nyeupe.

Sasa nafika pahali ambapo ningependa kuruka.

Mimi pia niliomba chuo kikubwa. Hakikuniita. Chuo chetu kilinipa nafasi ya masomo ya maabara ya hospitali, na nilifurahi, kwa sababu damu haikuulizi maswali. Nilifurahi ndani ya chumba cha simu. Nikifika Wamagana ninakoishi na cucu, nyanya yangu, furaha yote ilikuwa inabaki kwenye barabara. Kijijini walijua tu kwamba nafanya kazi ya ofisi Nyeri. Hakuna aliyeuliza zaidi, na mimi sikuongeza.

Kanisani kwetu kuna desturi. Barua za vyuo zikitoka, Mzee Gikonyo anapita na daftari lake kuandika walioitwa, na Jumapili anayasoma majina pamoja na vyuo. Ukisomwa unasimama. Alimkuta cucu nje, akamuuliza mimi, Wambui, nimeitwa wapi. Cucu akajibu, "Ameitwa yunivasiti." Watatu walioandikwa juu ya jina langu walikuwa wa chuo kikubwa, basi Mzee akaandika hicho hicho. Jumapili akasoma. Nikasikia jina langu, nikasikia chuo ambacho si changu, na miguu ikasimama. Makofi yakapigwa. Nikapewa sanduku jipya la magurudumu ambalo kina mama walikuwa wamelichangia. Ningesema neno moja tu, "Hapana." Neno moja, na sikulipata.

"Tutasema kweli baadaye," cucu aliniambia tukipanda kilima.

Baadaye ikawa wiki mbili.

Mercy alikuwa benchi la nyuma siku ile, alipiga makofi nikamsikia. Tulisoma pamoja, tukapata gredi moja. Jana asubuhi, siku yangu ya mwisho, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi nyeupe. Alikuwa amepewa nafasi ya unesi chuoni kwetu na hajajibu. Nafasi ilikuwa inafungwa saa kumi jioni, na kulikuwa na watu wanaoingoja. Namba iliyoandikwa ilikuwa ya baba yake.

Nilipiga majina mengine yote kwanza. Nilipiga karatasi ya kijani yote. Halafu nikampigia Baba Mercy saa sita na nusu. Nataka uelewe vizuri hapa: nilijua wako kwenye majani. Nilimpigia saa ile kwa sababu ni saa ya kukataa, ili aniambie hapana, niandike, niende nyumbani.

Nilisema natoka ofisi ya usajili. Sauti yangu hakuijua, kijijini siitumii.

"Ya unesi? Ile barua?" Akapaza sauti. "Atiriri, sikia nikuambie. Hapa jirani kuko na msichana, gredi ni moja na ya wangu. Ameitwa ile chuo kubwa! Kanisa yote imempigia makofi. Na wangu ati aende hapo chini kwa mabati? Hapana. Mercy atarudia mtihani!"

"Mwambie, Baba Mercy!" mtu akasema nyuma, na foleni ikacheka.

Nikaandika: Amekataa.

Madam Njoki alisoma karatasi bila kuishika. "Ulimpigia saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Ni wa wapi?"

"Wamagana."

"Na Wamagana wanapima majani saa ngapi?"

Nikamwambia yote. Kanisa, daftari, sanduku, Mercy. Sijawahi kuongea kwa muda mrefu hivyo kwa mtu aliye mbele yangu. Alinitilia chai, akaikoroga mpaka ikapoa.

"Miezi minane," alisema, "unawaambia watu wasione haya kuja hapa."

"Ndiyo, Madam."

"Na uliwaambia vizuri." Akasukuma simu ya kulia upande wangu. "Mimi sitampigia. Karatasi nyeupe ni yako mpaka saa kumi."

Sikuandika cha kusema. Saa tisa na robo nikapiga. Alikuwa amemaliza majani, anapanda kwenda nyumbani, nilisikia pumzi yake na kikapu kitupu kikigonga mgongo.

"Baba Mercy, ni Wambui. Wa kwa Cucu Gathoni."

"Wambui? Kumbe wewe huongea?"

"Ni mimi nilipiga ile ya mchana." Nikashika ukingo wa meza. "Mimi sijaitwa chuo kikubwa. Mzee Gikonyo alikosea na mimi nikasimama. Niko na barua ya hiki chuo, kama ya Mercy. Naanza Jumatatu."

Pumzi ikasimama. Nadhani na yeye alisimama.

"Makofi ukapigiwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na sanduku ukabeba."

"Ndiyo."

"Mimi nilichangia hiyo sanduku."

"Najua."

"Unajua Mercy hajakula vizuri wiki mbili? Kila siku ninamwambia, ona Wambui. Akiosha vyombo, ona Wambui. Akilala, ona Wambui."

Alikohoa, akaanza kutembea tena.

"Sasa niambie wewe. Hiyo chuo ni nzuri?"

"Maji ni baridi sana," nilisema. "Na mvua ikinyesha huwezi kusoma maktaba. Watu hawaijui. Ukitaja jina utaulizwa ni wapi."

"Na mtoto akipotea huko? Akishindwa, akinyamaza kama wewe?"

"Siku ya tatu mtu atakupigia simu."

"Nani?"

"Madam Njoki. Ama msichana atakayekaa hapa."

Akakata. Nikatazama saa ya ukutani. Madam Njoki alikuwa anapanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa. Saa tisa na dakika hamsini simu ikalia, na ilikuwa Mercy.

"Andika mimi," alisema.

"Baba amekubali?"

"Amesema niende. Lakini amesema ufike kwa Mzee Gikonyo wewe mwenyewe kabla ya Jumapili. Ati yeye hatakusemea, na cucu yako asikusemee." "Wambui, siku hiyo kanisani ulisimama tu, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Haya."

Akaweka simu. Sijui hiyo "haya" ilikuwa ya aina gani. Tutakuwa chuo kimoja miaka minne, nitaijua. Nilifuta "Amekataa", nikaandika "Anakuja". Saa kumi na moja Madam Njoki alifunga chumba, akajaribu kitasa mara mbili kama kawaida yake.

"Jumatatu usipite huku nyuma," aliniambia. "Pita mbele, upange foleni na wengine."

Usiku sikulala sana. Cucu alinisikia nikigeuka, akasema kutoka chumba chake, "Ni mimi nilisema maneno nusu." Nikamwambia nusu ile nyingine ilikuwa yangu.

Asubuhi ya leo, saa moja, nililikokota lile sanduku mpaka kwa Mzee Gikonyo. Magurudumu hayajatengenezewa njia ya Wamagana, nikaishia kulibeba kichwani. Nilimkuta akikatakata majani ya nepia ya ng'ombe, gambuti zimejaa tope. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sauti ambayo mke wake aliisikia akiwa jikoni, maana mlango ulifunguka. Mzee aliweka panga chini. Hakukasirika, na hilo lilinichosha zaidi. Alipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari.

"Hii chuo yenu iko wapi?" aliuliza.

Nilimwonyesha. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda na mabati yake yalikuwa yanaonekana ng'ambo ya pili ya bonde, karibu na mji.

"Ile? Miaka yote nimedhani ni shule ya upili." Akapiga mstari mmoja juu ya lile jina kubwa, akaandika la chuo chetu pembeni, pole pole. Nikamsogezea sanduku. Akalisukuma kwa buti likarudi kwangu. "Peleka. Sanduku halijui linakwenda wapi." Kisha akanitazama, biro bado hewani. "Kesho nisome upya, ama ninyamaze? Naweza kunyamaza. Watu watasahau."

Mke wake alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, anangoja kusikia.

"Soma, Mzee," nilisema. "Anza na Mercy, mimi nisimame baada yake."